Chozi la Gaëlle

Mama Émilienne, mama mkwe wangu, aliingia na poire mkononi, kile kibomba chekundu cha mpira kinachozunguka nyumba hadi nyumba hapa Shasha. Mtoto akiharisha, maji ya majani hupitishwa nyuma ili tumbo lisafishwe. Gaëlle wangu, mwaka mmoja na nusu, alikuwa anaharisha tangu jana.

"Lete mutoto. Tumbo iko muchafu."

"Hapana, Mama."

Sikupandisha sauti. Tangu Prince afe, sina sauti ya kupandisha. Alikuwa mzaliwa wangu wa kwanza. Tuliishi Omate, kwenye machimbo, baba yao akichimba mawe ya madini. Alipoharisha nilimpiga poire mara mbili kwa mikono yangu hii, kisha nikamnyima maji ili akauke. Alikauka. Siku ya mwisho alilia bila chozi hata moja, nami nikafurahi kwa kuwa hakuchafua tena kitambaa; sikujua kuwa maji yamemwishia mwilini. Msibani sikulia. Wakasema nina moyo mgumu. Waseme.

Lakini kwa Gaëlle, asubuhi hiyo kabla mama mkwe hajaingia, Libérata, dada anayefuatilia watoto wagonjwa kijijini, alikuwa ameniachia vidonge vya zinki na pakiti za chumvi ya kutibu kuharisha.

"Pakiti moja, litre moja nzima ya maji ya kuchemusha. Kijiko kwa kijiko. Usimukatishe ziwa. Akikataa kunywa, ao akilegea, mubebe mbio Kirotshe ku hospitali."

Nikatandika kitenge cha kumbebea pembeni, tayari. Nikampa kijiko. Akatapika. Nikangoja dakika kumi, nikaanza tena, polepole zaidi. Mama mkwe alikaa mlangoni, poire mapajani, akinitazama kama ninaunguza maharagwe yake. Sikuomba wala sikuogopa. Nilitia vijiko tu. Gaëlle alilia mara mbili, macho makavu, na mara zote mbili nilikitazama kile kitenge. Lakini alikuwa anakunywa.

Jua lilipofika katikati alinyakua kijiko mwenyewe. Nikachelewa kukijaza, akaangua kilio cha hasira.

"Munyamazishe basi!" Mama Émilienne akafoka.

Nilimgeuza mtoto kwenye mwanga. Shavu lilikuwa limelowa kuanzia jichoni. Nikaligusa kwa kidole, nikaonja. Chumvi.

"Muache alie, Mama," nikasema, na sauti ikatoka kubwa hadi mimi mwenyewe nikashtuka. "Muache alie!"