Karela na Ziada ya Mshono

Fundi hakuogopa sindano yoyote yenye uzi. Ya mkono, ya cherehani, hata ile nene ya kushonea magunia, zote alizishika kama wengine wanavyoshika kijiko. Lakini daktari aliposema vidonge peke yake havitoshi, na kwamba sukari isiposhuka kufikia mwisho wa mwezi itabidi aanze kujichoma sindano tumboni, alisogeza kiti chake nyuma. Kabla hajainuka kitini alikula kiapo kimoyomoyo kwamba sindano ile haitamgusa.

Na sukari ilikuwa lazima ishuke, apende asipende. Daktari hakumung'unya maneno: ikiendelea vile, itamharibia macho. Tayari Fundi alikuwa anamwita mumewe amtungie uzi, akisingizia kwamba mwanga wa dirishani ni hafifu. Fundi wa nguo asiyeona tundu la sindano ni fundi wa nini?

Wifi yake ndiye aliyemletea karela, yale matunda machungu yanayofanana na matango, mfuko mzima, mabichi na yenye vipele mgongoni.

"Kunywa juisi yake asubuhi, wifi. Nusu glasi tu. Ni chungu kama talaka, lakini sukari yenyewe itatafuta mlango."

Kuanzia siku hiyo nyumba ilikuwa na serikali mpya. Fundi alipasua karela, akakwangua mbegu kwa kijiko, akasaga, akachuja kwa kipande cha kitambaa chepesi, akaziba pua na kunywa. Kisha hakula kitu mpaka mchana, eti dawa ifanye kazi bila kusumbuliwa. Pakiti ya sukari ilitupwa jalalani mchana kweupe, mumewe akishuhudia.

Mume alikuwa fundi baiskeli. Walifanya kazi chumba kimoja cha mbele, yeye upande wa mlangoni na spana zake, mke upande wa dirishani na cherehani yake.

"Mimi naumwa nini mpaka ninyimwe sukari?" aliuliza.

"Unaumwa ndoa," Fundi akamjibu. "Kunywa chai yako."

Sasa, wifi alisema nusu glasi, lakini Fundi hakuwahi kukata kitu kwa kipimo kamili tangu ajue mkasi. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake aliimbiwa wimbo uleule: acha ziada ya mshono. Nguo ikizidi utaipunguza, ikipungua utaongeza nini? Basi nusu glasi ikawa glasi, na karela moja likawa mawili. Vidonge vya daktari aliendelea kuvimeza palepale juu yake, na daktari hakuambiwa neno. Daktari ana dawa zake, alijisemea, na mimi nina zangu.

Mikono ilipoanza kutetemeka asubuhi, alifurahi. Aliona ni dawa inapigana na ugonjwa.

Siku moja alitandika mezani kitambaa cha suti cha mwalimu mkuu, kizito, cha rangi ya majivu. Akachora kwa chaki. Kijasho chembamba kilimtiririka shingoni ingawa asubuhi ilikuwa na baridi. Mstari mmoja wa chaki ukawa miwili. Akafuata ule usiokuwepo, na mkasi ukapita katikati ya kipande cha mgongo, moja kwa moja, bila yeye kushtuka. Mkasi ulipodondoka sakafuni, mumewe aliinua kichwa.

"Vipi, mke wangu?"

Fundi alimtazama kwa adabu anayowapa wateja. "Suruali yako bado," akasema. "Rudi Alhamisi."

Mume aliinuka ghafla. Walipokuwa kliniki daktari aliwaonya wote wawili juu ya jasho na mtetemeko, kwamba ni dalili za sukari kushuka mno, na maneno yale hayakuwa yamemtoka. Aliliacha gurudumu likajibiringisha lenyewe, akavamia kopo la nati, akazimwaga zote mezani. Chini ya nati kulikuwa na kifuko, na ndani ya kifuko kulikuwa na sukari. Akaikoroga kwenye kikombe cha maji, akamnywesha mkewe funda kwa funda, huku amemshikilia mabega.

Akili ya Fundi ilirudi polepole, ikiwa na ladha ya utamu na grisi. Akaona kitambaa kilichokatwa. Akaziona nati.

"Hiyo sukari umeitoa wapi?"

"Koponi."

"Tangu lini iko humo?"

"Tangu siku uliyotupa ile nyingine," mume akasema, akitazama chini.

Fundi alifungua kinywa amgombeze, akajikuta analia. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na hakuona haya kuogopa.

Siku hiyohiyo alikaa mbele ya daktari na kutapika yote, glasi, njaa na ile ziada.

"Kwenye nguo, ziada unaikata," daktari akasema. "Hii ukishaimeza, mkasi utaupitisha wapi? Karela linaweza kushusha sukari, ndiyo maana ni hatari kuimwaga juisi yake juu ya vidonge huku tumbo tupu. Juisi iache. Na kwa jumla, vipimo vyako bado viko juu. Asubuhi unaporomoka, jioni unapanda."

"Na macho?"

"Bado tunaweza kuyawahi."

Fundi akapiga moyo konde. "Basi nionyeshe hiyo sindano."

Mwalimu mkuu aliambiwa ukweli bila kona, kwamba kitambaa amekiharibu Fundi mwenyewe na Fundi mwenyewe atakirudisha. Kopo, sasa bila nati, likahamia kwenye rafu ya nyuzi, mahali ambapo kila mtu analiona.

Asubuhi ya kwanza ya kujichoma, kifungua kinywa kilikuwa kimeshaandaliwa. Mume alisimama kando amefumba macho, kana kwamba anachomwa yeye. Fundi alivuta dawa mpaka kwenye mstari alioonyeshwa na daktari, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukavuta kidogo zaidi. Akausimamisha. Akaisukuma dawa kurudi, taratibu, mpaka ikakaa kwenye mstari wenyewe. Akafinya ngozi ya tumbo kama anavyofinya pindo, akachoma.

"Umezidisha?" mume akauliza, macho bado ameyafumba.

"Hata uzi mmoja," Fundi akasema, akavuta sahani yake.