Magodoro Dirishani

Vita vilipoingia Bunia na risasi kutoboa karakana ya idara ya tamthilia ya chuo kikuu, Alphonsine, msimamizi wake, aliziba madirisha yote kwa magodoro. Wanafunzi waliopaka rangi mapazia ya jukwaa walilalamika kuwa esansi, ile petroli wanayochanganyia rangi, inawapanda kichwani.

"Afazali kichwa iume kuliko itobolewe," aliwajibu kwa ukali.

Siku ya Jumanne mwanafunzi mmoja, Fiacre, alianguka juu ya pazia, brashi mkononi. Wakambeba mbio hadi dispansari ya Mudzipela. Muuguzi alimpasulia shati, akamgeuza huku na huku akitafuta jeraha.

"Risasi ilimupata wapi?"

Alphonsine alilitazama lile shati linalonuka esansi.

"Hakuna risasi, mama," alisema. "Ni miye nilimunyima hewa."