Miwani ya Kioo Kimoja

"Mpira unatoka nje, nakwambia!"

"Unatoka nje uende wapi? Uwanja ule pale, TV ile pale, mpira..."

"Unakuja huku sebuleni, Baba Vaileth! Kidogo unipige usoni!"

"Mama Vaileth, umekunywa nini wewe?"

"Nimekunywa chai ya birika moja na wewe!"

Wakati Gervas na mkewe Sesilia wanapigiana kelele, mie nilikuwa nimekaa kwenye stuli karibu na mlango, nimeziba mdomo kwa kiganja, mbavu zinauma kwa kicheko ninachokizuia. Maana ile miwani aliyovaa Sesilia nilikuwa nimeitengeneza mie mwenyewe muda si mrefu, chumbani kwangu, kwa uhuni mtupu. Miwani ya jua ya bei chee, niliichukua kwa machinga pale Mbagala. Kioo cha kulia nikakisukuma kwa kidole gumba, kikatoka. Kushoto kikabaki kioo cheusi tii, kulia tundu.

Halafu nikaingia nayo kwa majirani zangu, nimekaza sura kama daktari.

"Hii ni ya kuonea TV ya kawaida ikawa 3D," nikawaambia. "Jicho moja linakamata picha, lingine linakamata umbali."

Maneno hayo niliyabuni nikiwa navua ndala mlangoni. Hapa Chamazi wananiitaga Injinia, kwa kunisanifu, maana chuo niliishia mwaka wa pili. Lakini chuo ni chuo. Ukikifikia hata nusu ukarudi, ukiongea taratibu watu wanakusikiliza.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Sesilia avae, aone aibu kusema haoni kitu, aseme anaona, halafu mie nipitishe kidole kwenye lile tundu, tucheke wiki nzima. Sikutegemea apige yowe.

"Injinia, mwambie huyu mbishi!"

"Kaka Gervas, inatokaga kweli," nikasema kwa upole, karibu nipasuke.

"Wale wa karibu wako mbele," Sesilia akaendelea, kidole kinafuata wachezaji, "na wale wa kule wako nyuma kabisa, kama unawaangalia dirishani. Wakisimama, kila kitu kinarudi bapa. Wakikimbia tena, hao!"

Kicheko kikanikauka. Mtu anayedanganya ili asionekane mshamba hawezi kutoa maelezo ya namna hiyo. Hata mie niliyeanzisha uongo nisingeyafikiria.

"Hebu lete, sista."

Nikavaa. Winga akaanza kukata pembeni ya uwanja, kamera ikamfuata, na ile TV yao ndogo yenye ufa kwenye kona ikafunguka kama kabati. Aisee! Winga yuko huku, beki yuko kule, mashabiki wamerudi nyuma ya ukuta wa nyumba. Nikanyoosha mkono nimshike mtu. Nikafumba macho, nikafumbua. Bado yupo.

"Inafanya kazi!" nikasema.

"Si umeileta wewe?"

"Nimeileta mie, ndiyo, lakini... inafanya kazi!"

Ndipo nikakumbuka kwa mbali mwalimu mmoja wa chuo, kipindi ambacho nilikuwa nasinzia. Alisemaga jicho lililowekewa giza linachelewa kidogo kupeleka picha kichwani. Kitu kikipita pembeni, jicho hili linakiona hapa, lile linakiona pale, na kichwa kinadhani hiyo tofauti ni umbali. Kumbe nilikuwa nimedanganya ukweli.

"Leteni hapa huo upuuzi," Gervas akasema.

Gervas ni dereva wa basi la watoto wa chekechea, lile la njano linalopita Chamazi nzima asubuhi. Mtu wa maneno machache na ubishi mwingi. Akavaa miwani, akakunja mikono kifuani.

"Bapa."

"Subiri wakimbie."

"Wanakimbia. Bapa. Kama chapati."

"We mbishi tu," Sesilia akasema. "Ungekubali kitu siku moja ungekufa?"

"Nikubali nisichokiona?"

Nikaona nafasi ya uhuni mwingine. "Tatizo umeivaa vibaya, kaka. Kwa wanaume inageuzwa." Nikaichukua, nikaipindua juu chini, nikamvisha. Sasa kioo cheusi kikawa jicho la kulia, na tundu likawa kushoto.

Gervas akasogeza shingo mbele.

"Umeme umeshuka," akasema.

Sesilia akaitazama TV. Mie pia. TV inawaka kama kawaida.

"Haujashuka, kaka."

"Umeshuka, bwana! TV imekuwa giza. Na hilo dirisha nani kafunga?"

Dirisha lilikuwa wazi, jua la jioni limejaa mpaka kwenye zulia. Sesilia akaniangalia. Nikachuchumaa mbele ya Gervas, nikainua vidole vitatu usawa wa lile tundu la kushoto, karibu kabisa na kope zake, nikavichezesha.

"Kaka Gervas, naonyesha vidole vingapi?"

"Unaonyesha wapi?"

Akaivua miwani taratibu. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja chake mwenyewe, akageukia TV, akageukia dirisha, akamgeukia mkewe.

"Naona weupe," akasema. "Kama niko ndani ya chandarua."

"Tangu lini?" Sesilia akauliza.

"Sijui. Mie siku zote naona vizuri." Sauti haikuwa ya ubishi. "Nani anazibaga jicho moja bila sababu?"

"Kile kioo cha pembeni cha basi, cha kushoto, kilichovunjika. Ulisema bajaji ndio ilikufuata."

"Bajaji ndio ilinifuata!" Halafu akashusha sauti. "Sikuiona ikija."

"Baba Vaileth, watoto wanapandia kushoto."

Kwenye TV watu wakalipuka, goli limeingia. Hakuna aliyegeuka. Mie nilikuwa nahesabu moyoni watoto wanaosimama pale kituoni asubuhi na vibegi vyao, nikashindwa kumaliza.

Gervas akasimama. "Kesho naendesha. Nimeendesha hivi hivi, hakuna aliyekufa. Na wewe Injinia, hili neno likitoka nje ya mlango huo, nitajua limetoka kwa nani."

"Vaileth hapandi," Sesilia akasema.

"Nini?"

"Mwanangu hapandi basi lako. Na wa wenzangu je? Niwaangalie wanapanda, ninyamaze?"

"Wakinifukuza tutakula nini?"

"Sijui."

Nje watoto walikuwa wanaruka kamba, Vaileth anahesabu kwa sauti kuliko wote. Gervas akasikiliza mpaka binti akakosea hesabu na wenzake wakamcheka.

"Simu yangu iko wapi?"

Ilikuwa kwenye mkono wa kochi, kushoto kwake, karibu imguse. Akageuza kichwa chote ndipo akaiona. Nilishamwona akigeuza kichwa hivyo mara nyingi, nikadhani ni maringo.

Akampigia Madam Auleria, mwenye shule, mama ambaye hata wazazi wanamwamkia wakiwa wamesimama. Akaweka spika, mkewe asikie.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba Gervas. Basi lina nini?"

"Basi ni zima, Madam. Mie ndio mbovu. Jicho la kushoto halioni. Nimejua sasa hivi."

"Nani kakupima?"

"Kijana wa hapa jirani. Kwa miwani."

"Miwani gani?"

Nilitamani zulia linimeze.

"Ya jua, Madam. Imetolewa kioo."

Sesilia kashika kanga yake kwa mikono miwili.

"Kesho asubuhi nenda hospitali wakuangalie macho yote mawili," Madam akasema. "Basi nitaendesha mwenyewe."

"Wewe, Madam?"

"Nimeendesha fuso la viazi kutoka Mbeya kabla sijashika chaki. Leseni yangu iko hai."

Sesilia akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

"Na kazi yangu?"

"Nikisikia daktari kasemaje tutaongea. Hata kama si usukani, kwangu hukosi cha kufanya. Umenipigia leo, hukusubiri nipigiwe na polisi."

Gervas akachuchumaa kando ya mkewe.

"Ila Gervas." Sauti ya Madam ikabadilika, kama mtu anayechungulia kuona nani anamsikia. "Bila ule wimbo unaowaimbiaga, wale watoto hawapandi, na mie siujui. Hebu niimbie sasa hivi. Wimbo wote. Na ile milio ya mbuzi usiiruke."