Nusu ya Ishirini ya Nne

Saa tisa alasiri Dagny Toftegaard alimaliza kupaka malai keki ya matabaka, akapandisha bendera uani kwa kuwa ni siku yake ya kuzaliwa, akapanga viti vitano: chake, cha mwanawe Asger, cha mkwewe na vya wajukuu wawili. Alitimiza miaka sabini. Asger alisema atajitahidi kuja. Mwaka jana pia alijitahidi.

Watu wa Denmark huhesabu kwa ishirini-ishirini, kama wazee wao walivyohesabu mayai, na sabini huiita nusu ya ishirini ya nne, yaani ishirini tatu kamili na nusu ya ile ya nne. Dagny alilitaja neno hilo maisha yake yote bila kujiuliza nusu iliyobaki iko wapi. Saa tisa na robo, nusu hiyo ikabisha hodi.

Walikuwa wanawake kumi, wote Dagny mwenyewe, wa miaka sabini na moja hadi themanini. Walipangusa viatu mlangoni. Wa themanini alikuja na mkongojo.

Dagny akaenda kwa jirani yake Viggo kuomba viti kumi.

"Si unavyo vitano?" Viggo akauliza.

"Vina wenyewe."

"Na hivi kumi ni vya nani?"

"Vyangu. Nimekuja wengi. Beba, Viggo, kahawa inapoa."

Viggo akaleta mabenchi mawili ya bustani, akawasalimu wote kwa jina moja, akarudi kwa kuku wake.

Dagny akakata keki, akatenga vipande vinne. Wa sabini na nane akachukua kimojawapo.

"Hicho cha Asger!"

"Najua cha nani," akasema, akaendelea kutafuna.

Dagny akaweka uma chini. "Alikuja lini? Semeni basi. Hata mara moja."

Wakatazama kitambaa cha meza.

"Alituma maua," akasema wa sabini na tatu. "Mazuri tu."

"Nisogezeeni malai," akasema wa themanini.

Saa kumi simu ikalia.

"Mama, hongera! Leo imeshindikana, mtoto ana mechi. Hao wanaoongea ni nani?"

"Wageni."

"Wangapi?"

"Kumi."

Asger akashusha pumzi. "Afadhali! Nilidhani uko peke yako. Basi sina wasiwasi tena, mama. Mwakani, eh?"

"Mwakani," Dagny akasema.

Akarudi mezani. Hakuna aliyemuuliza nani alipiga.