Mikia Isiyopiga

Mwai alipopata mtoto wa kiume wa tatu, alimpa jina la kaka yake mkubwa, Gatimu, kama desturi ya Wagikuyu inavyotaka. Majirani pale Giakanja walimpongeza Gatimu mkubwa, mwenye jina. Yeye aliona kama anachekwa. Miaka tisa ya ndoa na hana hata mtoto mmoja.

Wakiuru, mkewe, alipeleka kwa mzazi njahi, maharage meusi ya kumrudishia nguvu. Aliporudi leso yake ilinukia mtoto mchanga, na Gatimu akamwonea wivu hata yeye, kwa kuwa alikuwa amembeba yule mtoto.

"Ungekuwa mwanamke kamili, tungekuwa na wetu."

Wakiuru alitua kiondo. "Mimi nimepimwa mara tatu. Wewe umepimwa lini?"

Wiki hiyohiyo Gatimu akaenda kupimwa hospitalini mjini Nyeri.

Majibu yalipotoka, Daktari Karwitha alimwachia hadubini atazame mwenyewe. Mbegu zake zilikuwa nyingi, lakini zimetulia tu.

"Ziko hai," daktari alisema, "ila haziogelei. Ndani ya kila mkia kuna mirija myembamba mno, ndiyo mifupa ya seli. Mirija hiyo ina vikono vinavyoivuta, ndipo mkia unapiga. Yako nadhani haina vikono." Alimsikiliza kifua, kushoto, kisha kulia. "Umekuwa ukikohoa tangu lini?"

"Tangu utotoni. Ni baridi ya huku kwetu."

"Si baridi. Kwenye njia ya hewa kuna vinyweleo vinavyosukuma makohozi kwa vikono hivyohivyo. Na ulipokuwa tumboni mwa mama, vinyweleo kama hivyo ndivyo vingeuelekeza moyo wako kushoto. Wako uko kulia. Umezaliwa hivi, na ndugu wa tumbo moja pia anaweza kuzaliwa hivyo."

Gatimu alitafuta kichwani siku moja tu ambayo Mwai alikohoa kama yeye. Hakuipata. Baba mmoja, mama mmoja, na vikono vyote vilimwendea Mwai.

"Nairobi wanaweza kuchukua mbegu moja na kuidunga ndani ya yai," daktari aliongeza. "Hiyo haihitaji kuogelea."

Nyumbani alimweleza Wakiuru yote, bila kuficha, na kumwomba msamaha. Wakiuru aliweka chini kisu cha kumenyea viazi. "Tutaenda Nairobi," alisema. "Lakini yale maneno usiyarudie."

Jumapili walikwenda kwa Mwai. Gatimu alipakata mtoto, akaweka kiganja kwenye kifua kidogo. Moyo ulidunda kushoto. Alishukuru, na papo hapo wivu ukamchoma.

"Mbona umenyamaza?" Mwai aliuliza.

"Nimekuwa nikikuonea wivu. Hata sasa hivi."

"Najua," Mwai alisema. "Tangu mtoto wangu wa kwanza azaliwe, hujawahi kukaa hapa ukamaliza kikombe cha chai."

Gatimu alikimaliza kikombe kilichokuwa mbele yake, na Mwai akamjazia kingine.