Niliingia kwa Jina la Mirindi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni herufi mbili zilizofutika. Kwenye clavier ya kompyuta ya Mirindi, L na S hazikusomeka tena, vimebaki vibonye vyeusi vitupu. Nilizipangusa clavier zote kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji kidogo, maana vumbi la Goma ni jeusi na linakwaruza, linatoka kwenye mawe ya volkano, na Muzee Zéphirin, mkuu wa kituo, hakupenda kuliona. Nikajiuliza ni neno gani hilo mtu analoandika siku nzima.

Sikuuliza. Niliacha shule mwaka wa nne wa primaire, tulipokimbia Rutshuru, na tangu hapo nimezoea kwamba asiyejua anyamaze. Nilisimama nyuma na ndoo yangu nikatazama. Mirindi aliandika ls, na mashine ikamwonyesha vyote vilivyokuwemo. Kumbe kabla ya kushika chochote alitazama kwanza kilichopo. Hilo nililielewa. Hata mimi nikiingia chumba cha kufagia nafanya vilevile.

Kituo kilikuwa Keshero, nyumba ya mbao na mabati. Kazi yake ilikuwa kuandikisha familia zilizokimbia vita: jina la baba, la mama, watoto, kijiji walikotoka, wanapolala sasa. Safu ya mwisho ilisema walikimbia kundi gani. Orodha hiyo ilikaa ndani ya mashine moja ya Linux, na Mirindi ndiye aliyeitunza. Alikuwa kijana wa Bukavu, wa familia ya Kikatoliki, mwenye masomo, na alijiandaa kwa mtihani wa cheti cha kwanza cha watunza mashine. Alikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa. Akichoka kusoma kimya alinisomea mimi kwa sauti, kwa mzaha, huku nafagia chini ya miguu yake.

Siku moja alinieleza kwamba kila faili ina watu wa aina tatu: mwenyewe, kundi lake, na wengine wote. Halafu akaniuliza, "Umuhire, weye uko wapi mule?"

"Kwa wengine, chef."

"Basi huna ruhusa hata ya kusoma."

Alicheka, na mimi nikacheka.

Mwezi wa tano wa 2021 mlima ulipasuka. Moto uliposimama, ardhi ikaanza kutikisika mchana na usiku, na serikali ikaamuru mitaa mingi ihame, Mapendo tulikokaa ukiwemo. Watu walikwenda Sake kwa miguu. Bibi yangu hakuweza, miguu yake ilikuwa imevimba. Nilikuwa na ufunguo wa kituo, kwa hiyo nilimleta Keshero, nikamlaza juu ya mikeka katika chumba cha nyuma.

Mirindi alikuwa amepanda boti kwenda kwa mama yake Bukavu. Alinipigia simu. Orodha ilikuwa mahali pamoja tu, nyumba ikianguka basi imekwisha. Alinipa neno lake la siri, akaniambia nichomeke disque ya kuwekea nakala iliyokuwa kwenye droo, akaanza kunitajia amri herufi kwa herufi. Alipofika ya tatu nilimwambia kwamba nimeshamaliza, inanakili.

Aliuliza, "Nani alikufundisha?"

"Ni weye. Ulikuwa unasoma kwa sauti."

Ilichukua karibu saa nzima. Meza ilikuwa inatembea, nami niliizuia kwa magoti. Ilipokwisha niliifunga disque ndani ya kitenge cha bibi nikailalia.

Watu waliporudi, Muzee Zéphirin alileta wageni waliotoa pesa za kituo, akamsifu Mirindi mbele yao kwa kukumbuka kazi wakati kila mtu alikumbuka roho yake tu. Ushahidi ulikuwepo kwenye mashine: tarehe fulani, saa fulani, mirindi ameingia, mirindi amenakili. Hakuna mgeni aliyeuliza mtu aliyekuwa Bukavu aliingiaje. Mirindi alinitazama, halafu akatazama sakafu niliyokuwa nimeipiga deki. Baadaye alinieleza kwamba angesema, wangeuliza kwa nini mfagiaji ana neno lake la siri, na wote wawili tungefukuzwa. Ilikuwa kweli.

Tangu hapo nilifanya kazi ndani ya jina lake. Asubuhi kabla watu hawajafika nilifungua mashine, nikawafungulia watumishi wapya akaunti zao, nikaangalia disque zisijae, nikanakili orodha. Mazoezi ya kitabu tulifanya pamoja, kisha nikawa nayafanya mimi, yeye akiyatazama. Kuna amri inayoiuliza mashine wewe ni nani, whoami. Niliiandika mara nyingi nikiwa peke yangu. Ilijibu: mirindi.

Kabla ya mtihani niliomba kitu, mara yangu ya kwanza na ya mwisho katika nyumba ile. Niliomba na mimi niandikishwe kuufanya. Mirindi alikuwepo, alikuwa anakunywa chai. Muzee Zéphirin hakunikasirikia. Alichukua fomu, akavaa miwani, akapita na kalamu mpaka kwenye mstari wa niveau d'études, kiwango cha masomo.

"Binti yangu, hapa niandike nini? Quatrième primaire?" Akarudisha fomu kwenye droo. "Masomo tuyaachie watu wa masomo."

Mirindi aliongeza sukari kwenye chai ambayo ilikuwa na sukari tayari.

Alifaulu. Cheti chake kilitiwa kwenye fremu, kikatundikwa ukutani, na kioo chake nilikipangusa mimi.

Bibi alikufa, nikabaki naishi katika kile chumba cha nyuma. Vita navyo vilirudi, kijiji baada ya kijiji, orodha ikawa ndefu kuliko kitabu. Mwezi wa kwanza wa 2025 mizinga ilisikika upande wa Sake, wakimbizi wakaingia mjini na masufuria vichwani, wengine nilijua majina yao kutoka kwenye mashine. Muzee Zéphirin alivuka mpaka kwenda Gisenyi. Jumapili asubuhi simu zote zilikufa. Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha nikasikia risasi, na kilichonijia kichwani si kukimbia. Ni ile safu ya mwisho. Waliokimbiwa walikuwa wanaingia, na majina ya waliowakimbia yalikuwa yamepangwa vizuri, kijiji kwa kijiji, pamoja na mahali wanapolala.

Niliwasha mashine. Umeme ulikuwa wa betri, mdogo. Niliingia kwa jina la Mirindi, maana jina lingine sikuwa nalo. Niliandika ls, nikatazama kilichopo. Kisha nikafuta, faili moja baada ya nyingine, na nakala zake. Disque nikaitoa uani, nikaiponda kwa jiwe la volkano mpaka ikawa vipande.

Baada ya siku kama kumi tangazo la walioushika mji lilipita kwamba kila mtu arudi kazini. Mirindi alirudi. Nilimwambia tu kwamba orodha haipo, naye akashika kichwa, akasema afadhali. Hakuuliza zaidi. Siku ya tatu waliingia wanaume watatu, mmoja akiwa na miwani na mikono safi. Huyo alijua mashine. Aliketi, akaandika maneno machache, akasoma, akageuza kioo cha mashine upande wetu.

"Mirindi ni nani hapa?"

Mirindi aliinama akasoma. Jumapili ile alikuwa amejifungia kwake na majirani zaidi ya kumi, wote wangemshuhudia. Alisoma pole pole tarehe, saa, amri zote nilizoandika. Halafu akanitazama kama alivyonitazama siku ya wageni. Nilikuwa nimeshika mti wa deki. Maji yalidondoka kwenye viatu vyangu.

"Ni mimi," alisema.

"Na huyu?"

"Huyu ni mufagiaji. Hana masomo."

Walimchukua, koti lake likabaki kwenye kiti. Sasa ni miezi minane. Hakuna anayejua alipo.

Mwezi uliopita mama yake alikuja kutoka Bukavu kwa boti. Anaitwa Mama Nshobole, mwanamke mfupi mwenye rozari mkononi. Aliketi kitandani kwangu akaniambia kwamba padri amemtaja mwanawe kwenye misa, na kwamba familia asizozijua zinakuja kumsalimia, zinamletea maharagwe, zinamwambia mtoto wako alituokoa. Aliniomba nimwambie neno lake la mwisho. Nilimwambia alisema, "Ni mimi."

"Hakuogopa, mutoto wangu," alisema, na uso wake ukatulia.

Nilishusha cheti ukutani, nikakipangusa, nikampa.

Nitaandika hapa ambalo sikumwambia. Siku ile, baada ya kuponda disque, nilirudi kwenye mashine. Niliandika last, amri inayoonyesha nani ameingia na saa ngapi. Jina lake lilikuwa juu kabisa. Amri zangu zote zilikuwepo, kwa mpangilio, chini ya jina hilo. Kufuta alama hizo nilijua, nilimfundisha yeye mazoezi yake. Betri ilikuwa bado na dakika kama tano. Risasi zilikuwa bado mbali.

Mama, sikusahau. Nililitazama jina la mwanao, nikakumbuka wageni, nikakumbuka chai, nikasema moyoni: na hii pia iwe yako. Nikazima mashine.