Mlango wa Mbele

Nyundo zilianza kugonga mlangoni kabla kahawa haijachemka. Thorvald alichungulia nyuma ya pazia, akaona matawi ya msonobari yakipandishwa kuuzunguka mlango wake wa mbele, na juu ya ngazi Kirsten, jirani yake, akipigilia namba 25 iliyokatwa kwa karatasi ya rangi ya fedha.

Kijijini hapo tao la namna hiyo hujengewa mtu na mkewe, asubuhi wanapotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Hutoka wameshikana mikono, wakaimbiwa, kisha wakawalisha majirani mkate na kuwamiminia kileo kikali. Mke wa Thorvald alikuwa kaburini mwaka wa thelathini sasa. Ndani alikuwamo Egon tu, ambaye kwa robo karne alitambulishwa kuwa ni mpangaji.

Mpangaji! Mpangaji gani huyo akukataye kucha za miguu na kuzijua dawa zako kwa rangi? Lakini Thorvald alikuwa mpiga kengele wa kanisa, naye aliamini kuwa watu hawajui. Kumbe walikuwa wakihesabu.

Simu ikaita. Sidsel, mjukuu wake, alikiri kuwa ndiye aliyewatajia majirani tarehe Egon alipohamia. Ndiye huyu aliyesema mezani siku ya Pasaka, huku akijipakulia viazi, kwamba ana mpenzi na ni msichana mwenzake. Hakuna hata aliyeangusha uma. Thorvald alimwonea wivu mpaka akajionea haya.

"Umeniua, mjukuu wangu."

"Babu, wanajua tangu sijazaliwa. Walikuwa wanakungoja wewe."

Alipogeuka alimkuta Egon ameshavaa koti, anafunga kamba za viatu. Kila walipokuja wageni, Egon alitoka kwa mlango wa jikoni, akashinda bustanini hadi waondoke. Hajalalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Thorvald zaidi.

"Nitakuwa bandani kwa kuku," Egon alisema taratibu. "Waambie wamekosea nyumba."

Nje nyundo zilinyamaza. Wimbo ukaanza.

Thorvald alimpita, akaufunga mlango wa jikoni na kuutia ufunguo mfukoni. Akarudi akamvua Egon koti, akamlazia ukosi wa shati.

"Nywele zako zimesimama huku nyuma," alisema.

"Thorvald, ukishatoka hapo hakuna kurudi."

"Najua. Naogopa kweli."

Wimbo ulifika mwisho. Mtu akakohoa, kisha majirani wakauanza upya kutoka ubeti wa kwanza. Thorvald alishika kitasa. Mkono wake wa pili ulikuwa ndani ya mkono wa Egon, na jasho halikujulikana ni la nani.